Jogoo Mwenye Kofia

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Lyle Hautala, msaidizi wa kocha wa timu ya chuo cha Orrin, kwenye kantini ya hospitali ya Orrin, mkononi bakuli la viazi vya kuokwa alilomletea mgonjwa, na mama wa watu akimwaga mfuko wa plastiki juu ya meza. Msomaji mmoja ameniandikia kunilaumu kwamba nimemuua yule kijana Tavaris bila huruma. Sijamuua. Soma.

Helmeti ndiyo iliyoanguka kwanza. Madaktari walikuwa wameikata katikati kwa msumeno ili waivue bila kuigusa shingo. Nusu moja ikabingirika mpaka kwenye kikombe cha Lyle, ikasimama hapo kama inamtazama.

Na kwenye vyuma vya kukinga uso, umenasa, ulikuwepo mkanda mweusi wa mkononi.

Haukuwa wa Pruett, timu ya Tavaris. Pruett huvaa ya njano. Mweusi ni wa Orrin, na Lyle aliujua kama anavyozijua soksi zake, maana kila Alhamisi yeye ndiye aliyechapa kadi inayoingia kwenye kimfuko chake cha plastiki.

"Hiki ni nini?" akauliza Bi Lavonne Odom, mama yake Tavaris.

"Ni mkanda tu, mama. Wachezaji wetu huvaa. Una mipango yetu ya mchezo."

"Mipango yenu."

"Ndiyo, mama."

"Kijana, mimi ni mpishi wa chekechea. Kila siku ya Mungu nauliza watoto mia mbili nani kamwaga njegere. Mtu akinidanganya nasikia hata harufu."

Akausukuma mkanda mpaka chini ya pua yake. Ndani ya kimfuko, nyuma ya doa la damu iliyokauka, ilionekana kadi yenye vijipicha. Tembo. Kibaniko cha mkate. Jogoo. Pembeni ya kila picha, mstari wa maneno madogo.

"Huyu jogoo kavaa nini kichwani?"

Lyle akalisogeza bakuli lake la viazi.

"Nakuuliza. Kavaa nini?"

"Kofia, mama."

"Ya nani?"

"Sijui."

"Ya mama yangu mzazi! Kofia yake ya kanisani, ya zambarau, ina ua kubwa kama kabichi. Makocha wao waliwaambia wachezaji kila mmoja achore bango moja la ishara. Tavaris akachora jogoo, akamvisha kofia ya bibi yake. Alinipigia simu anacheka mpaka anapaliwa." Akainama mbele. "Sasa niambie wewe. Jogoo wa mwanangu anafanya nini kwenye mkono wa adui yake?"

Wanaonifuata tangu mwanzo jibu wanalo. Aliyeingia leo nitampa kwa kifupi, kisha tukimbie.

Mpira wetu huku Marekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, makocha hawawezi kumpigia kelele mchezaji aliye uwanjani. Watu elfu themanini wanapayuka. Hata radi ikipiga inabidi ipige mara mbili isikike. Kwa hiyo benchi huinua mabango yenye picha, na mrushaji wa timu akiona tembo anajua la kufanya, akiona jogoo anajua jingine.

Kuyasoma mabango ya adui kwa macho yako, siku hiyohiyo ya mechi, ni ruksa. Ukiweza, hongera. Ila kutuma watu majuma manane kabla, wakae jukwaani na simu, wawarekodi adui wakicheza na wengine, halafu ukakaa na picha zile mpaka ukajua tembo ana maana gani, huo ni wizi. Ligi imeukataza.

Lyle ndiye aliyetuma watu. Lyle ndiye aliyemjua jogoo: mrushaji atarudi nyuma hatua saba, ataelekea kushoto, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu mgongo wake utakuwa wazi.

Jumamosi iliyopita jogoo aliinuliwa. Beki mmoja wa Orrin akaondoka kabla mpira haujatoka. Tavaris Odom, umri miaka ishirini, hakumwona. Leo ni Jumatano na bado hajasogeza hata kidole cha mguu.

"Halafu kuna namba hapa," akasema Bi Lavonne. "Arobaini na nne. Ni nani huyo?"

Lyle aliitazama ile namba, imeandikwa ubavuni mwa mkanda.

Namba arobaini na nne ni Arvid Hautala. Mdogo wake wa tumbo moja.

"Unamjua?"

"Namjua, mama."

"Sitaki jina kutoka kwako hapa. Saa tisa anakuja mchunguzi wa ligi. Nitampa mkanda huu. Wewe una nafasi ya kuwepo ukasema mwenyewe, au kutokuwepo ukasemewa." Akairudisha helmeti kwenye mfuko, nusu kwa nusu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Na bakuli lako chukua. Mwanangu analishwa kwa mrija."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano.

*

Kosa la kwanza la Lyle siku ile lilikuwa la mazoea. Kwa miaka saba, kila alichokijua alikipeleka kwa Kocha. Basi miguu yake ikampeleka yenyewe.

Kocha Merritt Dykema hafanyi jambo bila kusali. Husali kabla ya mechi, kabla ya kula, na watu wa Orrin wanaapa aliwahi kumfukuza mtu kazi katikati ya sala, yule bwana akajikuta yuko nje kabla ya amina. Sanamu yake ya shaba imesimama langoni mwa uwanja, na njiwa wetu, kwa adabu waliyo nayo, huenda kunyea sanamu ya mwanzilishi wa chuo.

Alimkuta anafyonza peremende ya mnanaa, miguu juu ya meza.

"Lyle, kijana wangu! Umekuja kutia sahihi?"

Barua ilikuwa pale tangu Jumatatu. Ilisema kwamba Lyle Hautala, peke yake, bila kutumwa na mtu, aliiba ishara za timu nane. Kocha hakujua. Wachezaji hawakujua. Pengine hata mabango yenyewe hayakujua.

"Kocha, mkanda mmoja umepatikana."

"Mkanda gani?"

"Wa mechi ya Pruett. Ulinasa kwenye helmeti ya yule kijana. Mama yake anao."

"Tulichoma mikanda yote. Nilisimama palepale kwenye pipa nikaiona."

"Mmoja haukuwemo."

"Wa nani?"

"Wa Arvid."

Peremende ikaacha kugonga meno. Miguu ya Kocha ikashuka mezani, mmoja baada ya mwingine.

Lyle alitegemea ataulizwa mama yule kasema nini, au ligi inajua nini. Kocha hakuuliza hata kimoja.

"Kadi imo ndani?"

"Imo."

"Ameitoa? Ameigeuza?"

"Sidhani. Imekaa kwenye kimfuko chake. Kwa nini?"

"Basi." Akatabasamu. Peremende ikaanza kugonga tena. "Mama maskini. Ana uchungu. Hajui alichoshika."

Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, akailaza sambamba na ile ya kwanza.

"Hii hujaiona. Soma."

Lyle akasoma. Ilisema kwamba ndugu wawili, Lyle na Arvid Hautala, walikula njama, na kwamba Kocha Dykema, kwa masikitiko makubwa, anawafukuza wote wawili leo hii.

"Kocha! Arvid ana miaka ishirini na mmoja! Aprili timu za kulipwa zinamchukua!"

"Najua. Nimezipigia simu mimi, mara sita. Ndiyo maana nakupa nafasi ya kuchagua, kijana wangu. Ukitia sahihi ya kwanza, Arvid hakujua kitu, Jumamosi anacheza fainali, Aprili anavaa suti. Usipotia, ya pili inaondoka kwangu saa tisa kamili."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe hujui kitu?"

Kocha alimtazama kwa upole kabisa, kama daktari wa meno.

"Lyle, mimi ni mzee wa kuombea watu. Na sasa naenda kumwombea yule mtoto hospitali."

Akavaa koti, akachukua funguo za lile gari lake jekundu, kubwa kiasi kwamba akiliegesha mbele ya posta wafanyakazi huwasha taa. Mlangoni akageuka.

"Kalamu iko pale. Ile ya bluu. Ya kijani usiiguse."

*

Arvid alikuwa chumba cha matibabu chini ya jukwaa, kwenye pipa la maji ya barafu. Wachezaji hukaa humo dakika kumi kutuliza misuli. Vipande vya barafu vilikuwa vimebaki vidogo kama punje za mahindi, na midomo ya Arvid ilikuwa rangi ya wino.

"Umekaa humo tangu lini?"

"Sijui. Asubuhi."

"Toka."

"Niache, kaka."

"Arvid, toka humo kabla sijakuvuta kwa masikio!"

Ilibidi amvute kwa makwapa. Jitu la kilo mia na kumi, linatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Lyle akalifunika mataulo, matatu, manne, akaanza kulisugua mgongo kama mama yao alivyokuwa akiwasugua wakitoka kuvua samaki kwenye barafu.

"Umekula?"

"Chakula hakishuki."

"Tangu Jumamosi?"

Arvid akauzika uso kwenye mataulo.

"Watu hugeuka, Lyle," akasema. "Unajua? Nimepiga watu miaka kumi. Hata umjie vipi, dakika ya mwisho mtu anasikia kitu, anageuza bega, anakaza shingo. Yeye hakugeuka. Nilijua anakoenda kabla yeye mwenyewe hajaenda. Nilifika kabla hajajua kwamba kuna mtu wa kufika."

"Si kosa lako. Kadi niliichapa mimi."

"Wewe uliandika jogoo anaenda kushoto. Hukuandika lile jingine."

"Jingine lipi?"

Arvid akainua uso kwenye mataulo.

"Kwani hujui? Nilidhani unajua. Siku zote hizi nilikuwa nakuchukia kwa sababu nilidhani unajua."

"Nijue nini, dogo? Sema!"

"Maneno ya kijani."

Hapa inabidi nisimame nusu dakika, maana Orrin ina mila zake. Chuoni kwetu mtu mmoja tu anaruhusiwa wino wa kijani, naye ni Kocha Dykema. Mwalimu wa hesabu aliwahi kusahihisha mitihani kwa kijani, akaitwa ofisini. Kila Ijumaa Kocha huzichukua kadi zote, na nyuma ya kila moja humwandikia mchezaji maneno ya kumtia moyo, kwa mkono wake. Wanaliita neno la Ijumaa. Na mwiko wake ni mmoja: neno lako humwonyeshi mtu. Ndugu yako humwonyeshi, wala mchumba. Jumamosi ikiisha, kadi zote zinaingia pipani, pamoja na mikanda yake, na pipa linawashwa.

Kwa hiyo Lyle, aliyechapa mbele ya kadi zaidi ya elfu tatu, hakuwahi hata mara moja kusoma nyuma.

"Aliandika nini?"

Arvid alifumba macho akasoma kichwani, neno kwa neno.

"'Arobaini na nne. Jogoo akitoka, achana na mpira. Mfuate mtu. Asiinuke.'"

Bomba mahali fulani lilikuwa linadondosha maji.

"Nilidhani ni maneno tu," Arvid akasema. "Unajua Kocha anavyoongea. Mwaka jana aliniandikia 'kula mifupa yao.' Nani anakula mifupa? Nikacheka. Halafu jogoo akatoka, na miguu yangu ikaondoka, na nilikuwa naliona lile neno, Lyle. Nilikuwa naliona la kijani."

"Mkanda ukaupoteza."

"Ulitoka nilipomgonga. Sikusema. Pipani nilitupa glavu."

Lyle akasimama wima. Sasa alielewa lile swali la Kocha. *Ameitoa? Ameigeuza?*

"Mungu wangu. Haendi kusali."

"Nani?"

"Vaa nguo, Arvid! Vaa!"

*

Kutoka uwanjani hadi hospitali ni dakika tisa. Lyle alitumia nne, na theluji ilikuwa ya kuteleza kiasi kwamba kona ya benki waliipiga kwa ubavu, wakiwa wanaitazama benki uso kwa uso.

Kwenye maegesho, gari jekundu lilikuwa linatoka. Kocha aliwapungia mkono. Alikuwa anatabasamu.

"Tumechelewa," akasema Lyle.

Bi Lavonne alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido, ghorofa ya tatu, mlango wa chumba cha mwanawe nyuma yake. Mikono ilikuwa mitupu juu ya mapaja.

"Mama, mkanda uko wapi?"

"Kauchukua Kocha wenu."

"Umempa?"

"Aliomba vizuri. Alinishika mikono, akaniambia tufumbe macho. Kasali, huyo mtu! Kamwombea mwanangu, madaktari, taifa, wanajeshi. Akaniambia ule mkanda unamtia mwanangu kisirani, kwamba yeye atauzika. Nikampa. Akautia mfukoni, macho bado kafumba."

Lyle aliegemea ukuta. Hakikubaki kitu. Maneno ya kijani yalikuwa kwenye gari jekundu, yanaelekea kwenye pipa.

"Mama, hujui ulichompa."

"Nimempa mkanda."

"Kulikuwa na kadi ndani. Nyuma ya kadi..."

"Mfuate mtu," akasema Bi Lavonne. "Asiinuke."

Nesi aliyekuwa anapita na toroli akageuza shingo.

"Unadhani nilikaa na vitu vya mwanangu siku nne bila kuvikagua?" Sauti yake haikupanda. "Jumapili niliitoa hiyo kadi nikaisafisha kwa maji ya chumvi. Nimeisoma mpaka nikaacha kulala. Nikairudisha mahali pake, nikakaa nangoja nione nani atakuja na ataniambia nini. Wewe ulikuja na viazi. Yeye alikuja na sala."

"Kwa hiyo aliyonayo..."

"Alipopiga simu mapokezi kwamba anapanda, niliitoa tena. Nikatia karatasi ya chakula ya kesho. Supu ya kuku, karoti za kuchemsha, jeli ya ndimu. Imekunjwa vizuri."

Wasomaji wangu, siku nyingine ningeandika hapa kwamba Lyle alicheka. Hakucheka. Alikuwa amemwona yule mama akigeuza macho, taratibu, kwa lile jitu lenye nywele mbichi lililosimama nyuma yake.

"Na huyu nani?"

Lyle akafungua mdomo. Arvid akamtangulia.

"Mimi ndiye arobaini na nne, mama."

Bi Lavonne akainuka. Alikuwa mfupi, kichwa kilimfika Arvid kifuani. Akamtazama mikono kwanza. Mkono wa kushoto, pale mkanda unapokaa, palikuwa na alama nyeupe ya mviringo. Akaitazama muda mrefu.

"Unaitwa nani na mama yako?"

"Arvid."

"Arvid. Mwanangu ameamka leo alfajiri. Hawezi kusogea, ila mdomo unafanya kazi. Na kitu cha kwanza alichoomba si maji." Akamshika kifundo chenye ile alama, kama anavyowashika watoto wa chekechea. "Aliomba aletewe namba arobaini na nne. Twende."

"Mama, siwezi..."

"Yeye ndiye hawezi. Wewe unatembea."

Kabla ya kuingia akamtilia Lyle kitu mkononi. Kadi. Bado ilinuka chumvi.

"Hiyo utampa mchunguzi wewe. Kwa mkono wako."

Mlango ukafungwa. Saa tisa kasoro dakika sita.

Saa tisa kasoro nne, lifti ikafunguka. Hakuwa mchunguzi. Alikuwa Kocha Dykema, na mkononi alikuwa na karatasi ya supu ya kuku.

"Lyle, kijana wangu," akasema, akihema kidogo. "Nipe."

"Nikupe nini, Kocha?"

"Usijifanye mjinga, haikukai. Nipe hiyo karatasi, mimi nachana barua zote mbili. Hakuna anayefukuzwa. Arvid anacheza Jumamosi. Unataka nikupe na ofisi yenye jina lako mlangoni? Nakupa. Neno moja tu la kijani, Lyle. Uharibu maisha ya ndugu yako kwa neno moja?"

Aliunyoosha mkono. Mkono mkubwa, wa baba. Kwa miaka saba Lyle aliishi kwa kusoma mikono ya watu: nani kagusa sikio, nani kagonga kifua. Akausoma na huu. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na doa la wino wa kijani.

Akaigeuza kadi. Akasoma kwa sauti.

"Arobaini na nne."

"Lyle, punguza sauti."

"Jogoo akitoka, achana na mpira."

Nesi wa toroli akasimama. Mlango wa pili kulia ukafunguka, mzee mwenye jezi ya Orrin juu ya gauni la wagonjwa akachungulia. Mlango mwingine. Mwingine.

"Mfuate mtu."

"Nyamaza!"

"Asiinuke. Wino wa kijani. Nani kati yenu hajui huku Orrin nani anaandika kwa kijani?"

Yule mzee alianza kuivua jezi yake, polepole, mkono mmoja una sindano ya dripu.

Uso wa Kocha ulikuwa umekwisha kuwa wa mtu mwingine. Lyle alifikiri: basi, limekwisha. Arvid kakwisha, mimi nimekwisha, lakini na yeye kakwisha.

Mlango nyuma yake ukafunguka. Arvid akatoka, mweupe kama shuka.

"Lyle, acha kusoma."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Anasema walijua."

"Nani anasema? Nani walijua?"

"Tavaris. Anasema kocha wake yeye alijua tangu Jumatano ya wiki iliyopita kwamba tumeziiba ishara zao. Mwanafunzi wao alimwona mtu wetu jukwaani, simu kaielekeza benchi wakati watu wote wanatazama mpira. Wangeweza kubadilisha mabango. Hawakubadilisha." Arvid akautazama mlango wa chumba. "Walitaka picha zetu tukizitumia ishara zao, wazipeleke ligi. Wakaweka kamera nne. Kocha wake akamwambia, leo utakula vipigo viwili vitatu vibaya, vumilia, ni kwa ajili ya timu. Mara ya tatu akamwinulia jogoo. Jogoo wake mwenyewe."

Korido nzima ikamgeukia. Hata Kocha Dykema.

Bi Lavonne alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya Arvid. Alishayasikia kutoka mdomo wa mwanawe, hilo lilionekana. Tangu Jumamosi, kila jioni, makocha wa Pruett walikuwa wakimpelekea maua ya njano. Chumba kilijaa maua ya njano. Sasa alikuwa ameyakumbatia yote kifuani, na vyombo vyake, na maji yanamwagika kwenye viatu.

Akayashusha kwenye ndoo ya taka ya nesi. Kisha akanyoosha mkono kwa Lyle, naye akampa kadi bila kuulizwa.

Lifti ikalia. Akatoka bwana mwembamba, mkoba chini ya kwapa, theluji mabegani. Akaangalia milango iliyofunguka, mzee mwenye jezi mkononi, kocha maarufu kuliko wote jimboni na karatasi ya supu mkononi.

"Bi Odom? Natoka ligi. Nimeambiwa una kitu kimoja cha kunipa."

Bi Lavonne akaitazama kadi. Akautazama mlango wa mwanawe.

"Vuta kiti, bwana," akasema. "Vimekuwa viwili."